Tovuti Ilikuwa Hewani

Kazi yangu ni kuangalia tovuti za watu. Nikisema hivyo hapa Ijuganyondo, majirani wanadhani nakaa kutwa nzima nikisoma habari mtandaoni. Mama yangu, ambaye naishi naye, amechoka kueleza. Akiulizwa anasema binti yake ni mlinzi, basi, na hajakosea sana. Kuna biashara kumi na moja, nyingi za Bukoba mjini na chache za Muleba, zilizonikabidhi tovuti zao: nyumba za wageni, duka la vipuri vya pikipiki, chama cha wakulima wa kahawa na wengine wa aina hiyo. Kwenye kompyuta yangu kuna programu inayozibishia hodi tovuti zote kila dakika. Tovuti ikiitika haraka inapata alama ya kijani. Ikisuasua, njano. Isipoitika kabisa, nyekundu, na hapo simu yangu inapiga king'ora.

King'ora hicho nilikichagua mwenyewe nikidhani kitanisaidia. Kimenikuta kanisani wakati wa sala ya toba, kimenikuta na sufuria ya ndizi mikononi nikaimwaga yote sakafuni. Nilifika mahali nikawa naogopa hata kabla hakijalia. Mama aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo simu inakupiga?"

"Hapana, mama."

"Mbona sasa ukiishika unajikunyata?"

Nilicheka. Lakini siku ninayotaka kuisimulia, king'ora hakikulia kabisa.

Mmoja wa wateja wangu ni mtu anayejaza mitungi ya oksijeni na kuisambaza kwenye zahanati na vituo vya afya. Namwita Mzee, ingawa hajanizidi miaka mingi. Stoo yake iko Buhembe, nyuma ya nyumba yake, katikati ya kibanja, shamba lake la migomba. Zamani wauguzi walikuwa wanapiga simu kuagiza, mitungi inasahaulika, majina yanachanganywa, mpaka Mzee akamwita fundi amtengenezee tovuti. Muuguzi anajaza fomu, anabonyeza kitufe, na kompyuta ya stoo inalia. Mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha tovuti hiyo haizimiki.

Nilipoanza niliweka majaribio mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: programu inafungua ukurasa wa mbele, ikiuona inaweka kijani. La pili lilikuwa na maana zaidi. Mara moja kila saa programu ilijaza fomu kama muuguzi, ikabonyeza kitufe, kisha ikasubiri kuona kama oda imefika stoo. Maana yake kila saa kompyuta ya stoo ililia kwa oda ya uongo. Mtunza stoo alivumilia wiki mbili, halafu akanipigia.

"Dada yangu, leo nimeshuka kwenye gari mara nne kwa ajili ya jaribio lako. Nitaizoea hii kelele. Nikishaizoea sitakwenda kuangalia, na siku hiyo itakuwa oda ya kweli."

Alikuwa na hoja. Nikamwambia nalizima, nitatafuta njia nyingine isiyomsumbua. Nikalizima siku ileile, na programu ikaandika kwenye kumbukumbu zake kama inavyoandika kila kitu: jaribio la oda limezimwa, jina langu, siku na saa. Njia nyingine sikuitafuta. Nisingesema nilisahau, maana kila Jumatatu niliiona kwenye orodha yangu ya kazi, na kila Jumatatu niliisogeza hadi Jumatatu inayofuata. Kila kitu kilikuwa kijani, kwa nini nihangaike?

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, mvua ndiyo imekatika. Nilikuwa mezani nachambua maharage, kompyuta iko wazi mbele yangu. Simu ikaita mlio wake wa kawaida, namba nisiyoijua.

"Haloo, ni kwa watu wa tovuti ya mitungi ya oksijeni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, anaongea harakaharaka.

"Ndiyo dada, karibu."

"Mimi ni muuguzi, napiga kutoka Muleba. Jana saa tisa niliagiza mitungi miwili. Tovuti yenu ikaniambia asante, oda yako imepokelewa. Nataka kujua, imepokelewa na nani?"

Niliitazama kompyuta. Alama ya tovuti ile ilikuwa kijani. Nikarudi nyuma hadi jana yake, kijani. Jumapili, kijani tupu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia raha kidogo moyoni, kwamba kosa lolote lililotokea halikuwa langu.

"Tovuti iko hewani, dada," nikamwambia. "Haijakatika hata dakika moja."

Nyuma yake nikasikia sauti ndogo ikiguna, inaguna, inapumzika, inaguna tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mtoto anavuta pumzi.

"Sijakuuliza hewa ya tovuti," akasema. "Nina mtoto wa miezi saba hapa, ana homa ya mapafu, na mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu. Mashine yetu ya kutengeneza oksijeni ni mbovu tangu wiki iliyopita. Simu ya stoo haipatikani. Namba yako nimeiona chini ya ukurasa."

"Mtungi uliobaki utakaa muda gani?"

"Nikiubana, saa moja na nusu. Labda mbili. Lakini usinishike kwenye hizo mbili."

Nilimwambia asikate, kisha mimi mwenyewe nikakata bila kujua. Nikafungua fomu ya oda, nikajaza jina langu, mtungi mmoja, nikabonyeza. Ukurasa ukaniambia kwa maandishi mazuri ya bluu: Asante, oda yako imepokelewa. Nikapiga simu ya stoo. Haipatikani. Nikampigia Mzee. Alikuwa safarini Karagwe, naye pia hapatikani.

Nilisimama ghafla. Maharage yalimwagika, mama akaniita kutoka uani, sikumjibu. Nilichukua pikipiki barabarani na kompyuta nimeikumbatia kifuani bila begi, nikamwambia dereva Buhembe, akimbize. Njia nzima nilikuwa najisemesha kwamba pengine oda imefika, pengine gari limekwisha kuondoka, pengine liko karibu na Muleba muda huu na mtunza stoo ndiye analiendesha na ndiyo sababu simu haishiki.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi anakunywa chai. Gari lilikuwa limeegeshwa. Mitungi iliyojaa ilikuwa imesimama ukutani kama askari, yote ipo.

"Oda ya Muleba iko wapi?" Nilipiga kelele hata kabla sijashuka.

"Oda gani?" Alishangaa kwa dhati. "Tangu Jumamosi sijapata oda hata moja. Nikashukuru Mungu, nikajua watu ni wazima."

Simu yake ilikuwa ndani imeisha chaji. Kompyuta ya stoo ilikuwa inawaka vizuri, kimya. Niliingia kwa nywila yangu mahali oda zinapohifadhiwa, nikazikuta zimejipanga. Zilikuwa tano za kweli na ile yangu ya uongo. Baadaye nilikuja kujua kwamba fundi wa tovuti alirekebisha fomu siku ya Jumamosi, na tangu hapo oda zilikuwa zinahifadhiwa lakini haziendi stoo. Wakati ule sikujua sababu. Nilichojua ni kwamba jaribio moja tu ndilo lingeliona jambo hilo ndani ya saa moja, na mimi ndiye niliyelizima.

Mtunza stoo na dereva wa gari la mitungi walipakia mitungi kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa watu wazima wa umri wao. Mtunza stoo alibaki kupanga safari za oda nyingine. Mimi nikapanda mbele karibu na dereva. Hakuna aliyeniambia nipande. Sikuweza kubaki pale.

Kutoka Bukoba hadi Muleba ni zaidi ya saa moja, na ile saa moja na nusu ya muuguzi ilikwisha kuliwa dakika ishirini na tano. Nilifanya hesabu hiyo kila tulipopita kona. Katikati ya hesabu nilipiga simu kwa vituo vingine vinne. Kimoja waliniambia bado wana mitungi miwili. Cha pili walikuwa wameazima kwa jirani. Cha tatu daktari alinikaripia, nikamshukuru kwa kunikaripia, maana mwenye nafasi ya kukaripia mgonjwa wake yuko hai. Cha nne hawakupokea. Nilipiga mara sita. Ya saba akapokea mhudumu akasema wao waliagiza ya akiba tu, niache kuwasumbua.

Kisha nikampigia muuguzi wa Muleba. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hivyohivyo.

"Yuko na kazi," dereva akasema bila kuniangalia. "Mtu mwenye mgonjwa hashiki simu."

"Na kama..."

"Yuko na kazi," akarudia.

Tulipita Kemondo. Tulipokaribia Muhutwe trafiki akatusimamisha, akazunguka nyuma ya gari, akasoma maandishi ya kwenye mitungi taratibu, akaomba karatasi za mzigo. Dereva akampa. Mimi nilishusha kioo. Nilinyoosha tu mkono kuelekea mbele, kama bubu. Trafiki yule alinitazama usoni muda kidogo, akamrudishia dereva karatasi akasema, "Nendeni. Nendeni haraka."

Sehemu iliyobaki sina kumbukumbu nayo nzuri. Nakumbuka mashamba ya migomba yanakimbia pembeni. Nakumbuka nikijaribu kusali na kila mara sala ikigeuka kuwa ile sauti ya kuguna niliyoisikia kwenye simu. Nakumbuka kuwaza kwa uwazi kabisa, kama mtu anayesomewa, kwamba nikifika nikakuta wanawake wanalia nje, nitashuka garini nitembee niingie mashambani nisionekane tena.

Nje ya wodi hapakuwa na mtu anayelia. Palikuwa na muuguzi, mwanamke mnene wa makamo, anatupungia mikono yote miwili turudishe gari kinyumenyume hadi mlangoni. Dereva na mhudumu mmoja waliushusha mtungi wa kwanza, wakaubingirisha ndani. Mlango ukafungwa. Nikabaki barazani.

Palikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye benchi, amejifunga kanga mbili, ameshika rozari. Nilimwamkia shikamoo, akaitika. Akauliza kwa Kihaya kama mimi ndiye niliyeleta hewa. Nilisema tumeileta, ndiyo. Basi yule bibi akanyanyuka, akanishika mikono, akaanza kupiga magoti mbele yangu kama tunavyowapigia sisi wazee wetu.

"Waitu, Mungu akupe maisha," alikuwa anasema, akiniita kwa neno la heshima. "Umemrudisha mjukuu wangu. Mungu akupe watoto, akupe maisha."

Nilijaribu kumwinua, hakukubali. Sikuona namna nyingine ila kushuka chini na mimi. Tukawa tumepiga magoti wawili pale barazani, ananishukuru. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata njiani sikuogopa hivyo. Nilitaka kumwambia, nikaangalia uso wake, nikashindwa.

Muuguzi alitoka baada ya muda, nadhani kama robo saa. Aliniita pembeni, karibu na tangi la maji ya mvua.

"Anapumua vizuri zaidi," akasema. "Mwishoni tulikuwa tunampa kwa kupimapima. Ulipokuwa unapiga simu mikono yangu ilikuwa na kazi."

"Dada, kosa ni langu," nikamwambia. Nikamweleza lile jaribio, kwamba lilikuwapo, kwamba nililizima, kwamba nililiahirisha kila wiki. Niliongea vibaya, nikichanganya, na nilipofika kwenye Jumatatu zangu machozi yakaanza.

Akanishika kiwiko kwa nguvu, kwa nguvu hasa. "Usilie hapa. Bibi akikuona unalia atadhani mtoto amekufa."

Nikajifuta.

"Mimi na wewe tutaongea siku nyingine," akasema. "Leo sina la kukuambia. Naweza kukutukana, na naweza kukukumbatia, na yote mawili sina muda nayo." Akarudi ndani.

Wakati wa kurudi nilifungua kompyuta mapajani. Kumbukumbu ya programu ilikuwa pale, mstari mmoja: limezimwa, jina langu, siku, saa. Mimi ndiye mwenye funguo za programu ile. Ningeweza kuufuta mstari huo na kulirudisha jaribio kama vile halijawahi kuzimwa, na lawama yote ingebaki kwa fundi aliyegusa fomu. Mzee asingejua. Nisiseme uongo, nililifikiria jambo hilo kutoka Muleba hadi Kemondo, kidole kiko juu ya kitufe. Sikuacha kwa sababu ya wema. Niliacha kwa sababu niliogopa kwamba nikiufuta, ule mstari nitakuwa nauona mimi peke yangu maisha yangu yote.

Mzee alirudi kesho yake. Tulikaa stoo watatu, yeye, mimi na mtunza stoo. Alikuwa amekwisha kuongea na fundi, anajua habari ya fomu.

"Kitu kimoja sikielewi," akaniuliza. "Siku tatu oda hazifiki. Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Nikaigeuza kompyuta upande wake, nikamwonyesha ule mstari. Nikaeleza yote. Alisoma, akavua miwani, akausoma tena bila miwani. Nilikuwa nasubiri aseme niondoke, na kwa kweli nilitaka aseme.

Mtunza stoo akakohoa. "Mimi ndiye niliyemwomba azime," akasema. "Kelele zilinichosha. Uniandike na mimi."

"Uliniomba tu," nikamwambia. "Aliyezima ni mimi. Na nilikuahidi njia nyingine."

Mzee alitoka nje, akazunguka kwenye kibanja, tukamwona anang'oa majani makavu ya migomba kwa mkono bila sababu yoyote. Aliporudi, viatu vimejaa matope, akasema, "Nikikuondoa, nitaleta mtu ambaye hajapatwa na hili. Sitaki. Lirudishe jaribio leo, tena nikiona. Na wewe," akamgeukia mtunza stoo, "ukiichoka kelele, njoo kwangu mimi."

Tukakubaliana jaribio lipite mara tatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, na kila likifika mtunza stoo abonyeze kuthibitisha kwamba jicho la mtu limeliona. Asipobonyeza ndani ya dakika kumi, mimi nampigia. Mara moja alikuwa kwenye mazishi, nikampigia mara kumi na mbili.

Wiki ile yote sikufanya kazi nyingine. Nilipita kwenye tovuti zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, nikifanya kama mteja: nikaandikisha chumba, nikaagiza kipuri, nikatuma ujumbe kwa chama cha kahawa, kisha nikaenda mwenyewe kwa wenye biashara kuuliza kama wamepata. Nyumba ya wageni moja ya Nshambya, fomu yake ya vyumba ilikuwa imekufa, na hakuna anayejua tangu lini. Mwenyewe aliniambia, "Nilidhani mwaka huu wageni hawapendi Bukoba." Kwenye kompyuta yangu tovuti yake ilikuwa kijani miezi yote hiyo. Nilirudi nyumbani nikalala na nguo zangu mchana kweupe, mama akanifunika.

Hofu ya king'ora imeniisha. Kikilia naamka nafanya kazi. Siku hizi kinachonitia jasho ni asubuhi tulivu, alama zote za kijani zimejipanga, na mimi nakaa nikijiuliza ni nani muda huu ameambiwa asante na hakuna aliyemsikia.

Muuguzi alinitumia ujumbe siku ya nane. Mtoto ameruhusiwa Jumapili, ananyonya vizuri. Niliusoma hadi herufi zikaanza kuchezacheza, kisha nikapata moyo wa kumpigia. Hakunitukana. Aliniuliza maswali ya maana kuhusu jaribio jipya, nikamjibu. Mwishoni nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Bibi anajua?"

"Nilimwambia. Ilibidi ajue."

"Akasemaje?"

Nilisikia anafunga mlango, kelele za wodi zikapungua.

"Alimaliza kwanza rozari yake," muuguzi akasema. "Halafu akaniuliza kama siku ile uliondoka hapa umekula."

Sikuwa nimekula.